Kipipa cha Mpira na Mawe ya Farumi

Watu bado huniuliza: mtu anayeanza kazi ya kusugua mawe mpaka yang'ae, anunue mashine gani? Huwajibu bila ya kusita, kwa sababu sijui mtu mwengine wa Unguja aliyeleta mashine kama hiyo kabla yangu. Nikisema ya kwanza ilikuwa yangu sijisifu, naeleza ilivyokuwa.

Huwaambia waanze na kipipa. Kiwe cha mpira, si cha plastiki wala cha bati, kwa sababu kitazunguka mchana na usiku kwa wiki nne, na mawe yaliyomo ndani hayana huruma. Halafu mota. Iwashwe kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha uweke kiganja juu yake. Ikiwa kiganja hakivumilii, iache dukani. Halafu mkanda unaozungusha kipipa: uweze kuubadilisha kwa mkono, bila ya kuifungua mashine nzima. Mambo haya hayakuandikwa kwenye boksi. Niliyajua kwa sababu nilikuwa na stashahada ya ufundi wa mitambo, na stashahada hiyo hakunipa mtu kwa kunionea huruma.

Baba yangu alikuwa hamali wa bandarini. Alifariki mimi nikiwa bado chuoni, nina juzuu tatu tu za Kurani kichwani. Nilijifunza kutengeneza baskeli Darajani kwa kumtazama fundi ambaye hakutaka kunifundisha, na hesabu nilijifunza katika daftari la kuazima. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, vijana walipotafutwa wa kupelekwa kusoma nje, nilifanya mtihani nikiwa na viatu vya rafiki yangu. Nilipita. Nilikaa Ujerumani miaka minne, nikajifunza lugha yao kwa miezi michache, na katika darasa letu mwalimu akitaka kuonyesha mchoro safi wa gia aliuinua wangu. Nilirudi mwisho wa mwaka 1968 na masanduku mawili na boksi moja zito. Hadithi hii ni ya boksi hilo.

Dada yangu, mkubwa kwangu kwa miaka sita, hakuwa mtu wa kuandika barua. Kwa hiyo barua yake ilipofika katika majira yangu ya mwisho ya baridi, niliisoma nimesimama. Mumewe alikuwa sonara wa fedha, na duka lake dogo lilikuwa chini ya nyumba waliyokaa Malindi. Kazi yake kubwa ilikuwa pete za wanaume za akiki, lile jiwe jekundu ambalo watu wetu hulipenda kwa kuwa kulivaa ni sunna. Akiki ilikuwa ikija na wafanyabiashara kutoka ng'ambo. Sasa wafanyabiashara wale hawaji tena, na mawe yamekwisha. Kaka wa shemeji yangu anamwita Tanga, kwenye karakana ya vitasa na bawaba. "Mume wangu amesema atangoja mpaka Idi ya Ramadhani ijayo," aliandika dada. "Idi ikipita na hana mawe, tutahama. Mama nishamwambia, na hasemi kitu. Weye unajua akiwa hasemi kitu."

Nilijua. Sisi tulikuwa wawili tu kwake. Mmoja anarudi, mwengine anaondoka.

Katika mji niliosomea palikuwa na duka la mzee mmoja aliyeuza vifaa vya wapenda mawe, maana milima ya karibu ilikuwa na migodi tangu zamani. Nilikuwa nikipita hapo kila Jumamosi. Juma lile niliingia. Mzee akanionyesha mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya plastiki, nzuri kwa macho. Niliizungusha kwa kidole nikasikia inavyokwaruza, nikairudisha. Ya tatu ilikuwa na mapipa mawili makubwa, ya mtu mwenye kiwanda. Ya kati ndiyo niliyoitaka tangu nilipoinyanyua. Fremu ya chuma, kipipa cha mpira mnene, mota iliyokaa vizuri kwenye beringi zake. Niliiwasha, nikamsimulia mzee habari za kwetu, nikaweka kiganja. Ilikuwa na uvuguvugu tu, kama ukuta uliopigwa na jua la asubuhi.

"Hii inauzwa na vitu vyake vyote vya kuanzia," alisema mzee. "Pakti nne za unga wa kusugulia, wa mwanzo wa chenga kama mchanga, wa mwisho laini kama poda. Na mfuko wa mawe."

"Mawe ya nini?" nilimwambia. "Mimi natoka mji wa mawe. Nyumba zetu mawe, misikiti mawe, ngome mawe. Nipe mkanda wa akiba badala yake."

Alinitazama kidogo, akaurudisha mfuko kwenye rafu, akaweka mkanda wa pili ndani ya boksi. Safari nzima nilikuwa nikiona nimefanya biashara ya mtu mwenye akili.

Siku ya tatu baada ya kufika nyumbani nilikuwa nimekaa jikoni na mama yangu, nikaona mbuzi mbili za kukunia nazi zimeegemezwa ukutani.

"Ya pili ya nani?"

"Ya dada yako. Kaniwekea."

"Yeye anakunia nini?"

"Anaazima kwa jirani. Ati Tanga mbuzi ziko tele, hana haja ya kubeba." Mama akapepeta mchele wake, akapuliza makapi. "Nyumba hii haitulii, mwanangu. Mguu mmoja ndani, mmoja nje."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimekuja na dawa. Hakuniuliza dawa gani.

Niliiweka mashine Malindi, katika ukumbi wa chini, nyuma ya duka la shemeji. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa Rajabu, kwa hiyo palikuwa na Shaaban nzima na Ramadhani nzima kabla ya Idi. Wiki nne za mashine, wiki chache za kutia mawe kwenye pete. Hesabu ilikuwa inakaa sawa. Nilikwenda Fumba kwa baskeli, nikaokota pwani vijiwe vyeupe na vya rangi ya maziwa, vizuri, vilivyoviringika kama mayai ya njiwa. Nikaongeza vipande kutoka ukuta uliobomoka karibu na nyumba yetu, vyenye mistari kama maua. Nilijaza kipipa robo tatu, nikatia maji na nusu ya pakti ya unga wa chenga, halafu nikaona haitoshi kwa mawe mengi namna ile, nikatia zaidi. Ikazunguka wiki moja.

Bibi aliyekaa ghorofa ya juu, ambaye alimlea shemeji yangu tangu mdogo, alikuwa akiteremka ngazi kila asubuhi na kusimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyie mnasaga nini hata leo? Wiki nzima kinu kinazunguka, na sijaona mkate."

Siku ya kufungua walikuja wote: mama, dada, shemeji, yule bibi, na mjomba wangu mwashi aliyejenga na kupiga lipu nusu ya nyumba za mtaa ule. Nilieleza kwanza namna mashine inavyofanya kazi. Nilieleza vizuri. Kisha nikafungua kifuniko, nikamimina kwenye beseni.

Ulitoka uji. Uji mweupe wa kijivu, mzito, unaoteremka taratibu. Nilitia mkono nikatafuta mawe, nikatoa vijibonge viwili vya ukubwa wa punje ya mahindi. Vingine vyote havikuwamo.

Mjomba alichovya kidole, akakisugua na gumba.

"Chokaa," alisema.

Akakipangusa kidole kwenye ukingo wa beseni.

"Miaka minne Ulaya," aliendelea mjomba, "na umerudi kutupikia chokaa. Sie tunaichoma kwa magogo, siku mbili iko tayari. Yako wiki."

"Mjomba, hii ni mara ya kwanza tu."

"Na wala chokaa yenyewe si. Haikupita motoni. Hii ukipaka ukutani, mvua ya kwanza inaishusha kwenye nguo zako."

Bibi wa juu alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Mama hakucheka. Alimtazama dada, kisha akatazama beseni. Shemeji yangu, mtu mpole asiyependa kumwona mwenzake akiaibika, alisema, "Rangi yake nzuri, shemeji," akarudi dukani kwake.

Nimefanya makosa machache maishani, na hili nalikubali. Mji wetu ni wa mawe, lakini mawe yenyewe ni matumbawe, mifupa ya bahari. Kila mtoto wa Unguja anajua kuwa ndiyo yanayochomwa kupata chokaa. Mimi pia nilijua. Ila niliposimama katika duka lile la Ulaya nilikuwa nikifikiri kama mtu anayeutazama mji wake kutoka mbali, na kutoka mbali jiwe ni jiwe. Mfuko wa yule mzee ulikuwa na mawe magumu. Nami nilikuwa nimeubadilisha kwa mkanda.

Ubaya wa pili ulikuwa mkubwa zaidi. Katika pakti ya unga wa chenga ilibaki robo tu. Ilitosha kwa kipipa kimoja, tena kisichojaa. Pakti nyengine kutoka ng'ambo ingechukua miezi kufika, na Idi haikuwa na miezi. Kwa hiyo mawe yatakayoingia mara ya pili ndiyo hayo. Yakiharibika, dada anafunga mizigo.

Ni dada mwenyewe aliyekuja kwangu siku ya pili yake, asubuhi, na kikapu mkononi.

"Unakumbuka mdako?" aliniuliza.

Mdako ni mchezo wa watoto wa kike: unarusha kijiwe juu, unakusanya vyengine chini, unakidaka kabla hakijaanguka.

"Nakumbuka mlivyokuwa mkitupigia kelele."

"Tulikuwa hatuchezi kwa mawe ya pwani yoyote. Ya Fumba yale yanakwisha, ukirusha siku mbili yana unga mikononi. Tukienda Funguni kuokota farumi."

Farumi ni mawe ambayo vyombo vya zamani vilibeba chini tumboni ili visipinduke vikija bila ya mzigo. Vikifika hapa na kupata shehena, mawe yalitupwa. Yalitoka kila upande wa dunia, na yalilala pale ufukweni bila ya mtu kuyajali isipokuwa wasichana wa mdako. Nilisimama nikavaa viatu.

Tulikaa Funguni kutoka asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, maji yakiwa yametoka. Mimi nilikwenda na tupa ndogo ya chuma. Nilimfundisha dada: ukilikwaruza jiwe kwa tupa likaacha unga, litupe, likiiacha tupa na alama ya kung'aa, liweke. Alinisikiliza, akafanya mawili matatu, halafu akatoa kwenye kikapu chake ndimu iliyokatwa.

"Ya nini?"

"Ngoja." Akakamua tone juu ya jiwe jekundu zuri ambalo mimi nilikuwa nimeshalipitisha. Likatoka povu dogo. "Umeona? Hili lina chokaa ndani. Sakafu zetu ndimu ikidondoka inakula, mama alikuwa akitupiga kwa hilo. Linalochemka, tupa."

Nilimpa maelezo ya kitaalamu ya povu lile, na maelezo yangu yalikuwa sahihi. Yeye alikuwa ameshaendelea na jiwe la pili.

"Maisha yangu yote natoa mawe kwenye mchele," alisema huku ameinama. "Leo natoa mawe kwenye mawe."

Tulirudi na kikapu kisichojaa. Mengi yalikuwa ya kijivu na meusi, machache ya kijani kibichi kama jani la mpera, na manane au tisa yalikuwa mekundu ya damu ya mzee. Hatukuruhusu lenye ufa. Hatukuruhusu lenye shimo. Nilipojaza kipipa kilifika robo tatu, na ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Hilo sikukosea hata mara ya kwanza.

Wiki ya kwanza ya Shaaban mashine ilizunguka na unga wa chenga. Nikawa nafanya kazi serikalini, kwenye karakana ya magari, na kila nikitoka nilipita Malindi kabla ya kwenda kwetu. Niliweka kiganja kwenye mota. Nilisikiliza. Mawe mazuri ndani ya mpira yana sauti ya mvua ya masika juu ya bati la jirani, si ya bati lako. Sauti ikibadilika, jambo limeharibika.

Kila wiki ikiisha, mawe huoshwa kabla ya kutiwa unga laini zaidi. Hapa ndipo wanaoanza huharibu kazi. Punje moja ya unga wa chenga ikibaki, itakwaruza mawe yote mpaka mwisho. Nilikuwa nimepanga kuosha mwenyewe. Dada alinipokonya beseni.

"Weye unaosha kama unamwogesha paka."

Aliosha kama anavyoosha mchele wa biriani: maji saba, akiyazungusha kwa kiganja, akiyamwaga kwa upande mmoja, akitazama maji yanayomwagika na si mawe. Kisha akakiosha kipipa kwa kidole, kona kwa kona, na kifuniko, na hata ule mfereji mdogo ambamo kifuniko hukaa, ambao mimi nilikuwa sijaufikiria. Alitoa mawe manne yaliyopata nyufa. Moja lilikuwa jekundu. Alilishika muda mrefu kabla ya kulitupa.

Katika wiki ya tatu nilifika Malindi nikakuta kimya. Bibi wa juu alikuwa mlangoni akinisubiri.

"Kinu chenu kimekufa," alisema. "Tangu saa nne. Nlikuwa nshakizoea, sasa hata usingizi wa mchana siupati."

Mkanda ulikuwa umekatika. Nilitoa ule wa akiba ndani ya boksi, nikauvisha kwa mkono, nikawasha. Kazi ya dakika moja, kama nilivyotaka iwe siku ile dukani. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimweleza kwamba mkanda huu niliupata kwa kuukataa mfuko wa mawe, kwa hiyo akili yangu siku ile haikupotea yote. Akasema, "Haikupotea, shemeji," na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nilimwona ameweka kiganja juu ya mota, kama mimi.

Tulifungua mara ya mwisho siku ya kwanza ya Ramadhani, baada ya alasiri. Sikuwaita watu, nilikuwa nimejifunza. Tulikuwa watatu tu. Dada akamimina maji ya mwisho, mawe yakabaki kwenye beseni yamelowa, na jiwe lolote likilowa linang'aa. Akayaweka juu ya kitambaa. Tukayangoja yakauke. Yalikauka, na bado yalikuwa yaking'aa.

Shemeji alichukua jekundu moja, akaliinua kwenye mwanga wa mlango, akaligeuza.

"Hii si akiki," alisema.

"Inafanana," nilimwambia.

"Inafanana. Lakini mtu akiniuliza, ntamwambia si akiki."

"Na akikataa?"

"Akikataa, kakataa." Akaliweka chini taratibu, akachukua la kijani. "Lakini kwenye fedha ntalitia."

Mwezi wote ule wa Ramadhani alifanya kazi. Mawe yetu hayakuwa na umbo moja kama yale ya kununua, kwa hiyo kila pete ilibidi ifuliwe kufuata jiwe lake. Mimi nami sikukaa bure. Nililiona kwenye karakana yetu jiwe la mashine ya kunolea, limelika, limetupwa. Niliomba, nikapewa, nikalivunja kwa nyundo, nikalitwanga, nikalichuja katika ndoo nne za maji: linalozama kwanza ndilo la chenga, linalokawia ndilo laini. Nikapata unga wa kusugulia bila ya kungoja meli ya Ulaya. Mwalimu wangu angeliona lile, angeliinua mbele ya darasa.

Lakini unga hauna faida ikiwa pete hazina mvaaji. Siku kumi za mwisho shemeji alizipanga pete kwenye kitambaa cheusi dirishani. Watu walisimama, wakauliza, wakaambiwa si akiki, wakaenda. Siku mbili, tatu. Dada alikuja kwa mama, akala futari, akaondoka. Mbuzi yake ilikuwa bado imeegemea ukutani kwetu.

Siku ya nne nilikuwa dukani alipoingia mzee mmoja mpana wa mabega, anatembea kwa fimbo. Nilimjua. Alikuwa hamali, alifanya kazi genge moja na baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye weye uliyechemsha chokaa?"

"Ndiye mimi."

"Nilisikia." Akainama juu ya kitambaa cheusi, akachagua pete yenye jiwe jekundu. "Akiki ya wapi hii, sonara?"

"Si akiki, mzee," alisema shemeji. "Jiwe la farumi. La Funguni."

Mzee akaipeleka pete karibu na macho.

"Mawe haya tuliyatupa sie," alisema. "Mgongoni, kikapu kwa kikapu, jua la saa saba. Mie na babake huyu. Tukiyatukana njia nzima." Akaivaa kwenye kidole kinene, ikakataa, akaihamisha kwenye kidogo. "Hebu tazama. Na kumbe lilikuwa hivi ndani."

Hakuitoa tena. Jioni yake, msikitini, aliinyoosha mikono yake mbele ya kila aliyemwamkia na kuwaeleza jiwe lile limetoka wapi na nani alilibeba. Asubuhi walikuja mahamali wawili, wastaafu kama yeye. Walitaka ya farumi, si ya akiki, na mmoja alishikilia ya kijivu kwa sababu anakumbuka, alisema, yale ya kijivu ndiyo yaliyokuwa mazito. Halafu wakaja watoto wao. Harusi za baada ya Idi zilikuwa nyingi mwaka ule.

Pete moja shemeji alikuwa ameiweka pembeni bila ya kuniambia, jiwe jeusi lenye mstari mweupe. Ninayo kidoleni ninapoandika haya. Sijui kama ni baba yangu aliyelibeba. Shemeji alisema hakuna wa kusema siye.

Siku moja kabla ya Idi, mchana, nilikuwa nimekaa na mama jikoni. Dada akaingia bila ya kubisha hodi, mikono yake ina unga wa ngano mpaka kwenye viwiko.

"Mama, naomba mbuzi yangu. Jirani yangu anataka yake, na mie nina nazi sita."

Mama akainyanyua kutoka ukutani, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga yake, akampa.

"Na barua ya Tanga?" aliuliza.

"Keshaijibu. Kamwambia kaka yake aje yeye, atafute mawe."

Mama akarudi kwenye chungu chake. Baada ya muda kidogo akanigeukia.

"Mwanangu, mashine hiyo yako inaweza kusaga bizari?"

Nikamwambia haiwezi, na nikamweleza kwa nini.